Pamba ya Nyalikungu na Mifumo ya Huduma

Fika Nyalikungu, Maswa, msimu wa pamba. Mkulima analeta mzigo AMCOS, unapimwa, anapewa stakabadhi, pamba inaingia ghalani, lori linaipeleka kiwandani, naye anasubiri hela yake. Kazi ni nne: mizani, ghala, usafiri na malipo.

Wengi wetu tukipewa projekti hii tunaandika programu moja kubwa yenye kanzidata moja. Siku ya kuwasilisha inafanya kazi, alama tunapata. Ila benki ikibadili utaratibu wake, unalazimika kufungua programu nzima. Ukikosea kidogo tu, hata mizani inasimama na foleni ya wakulima inabaki juani.

Usanifu wa huduma unaenda tofauti. Kila kazi inajitegemea na kutunza data zake, na nyingine huiomba kwa ujumbe wenye muundo uliokubaliwa. Muundo huo ndio mkataba. Ndani badilisha utakavyo, ila mkataba usiuguse ovyo.

Mfano tunao kila muhula: kontroo namba. Kupitia GePG, mfumo wa serikali ulioanza 2017, chuo kinatuma ankara, wewe unalipia benki au kwenye simu, taarifa inarudi chuoni. Benki haina haja ya kuingia kwenye kanzidata ya chuo.

Sasa shida iko wapi? Mtandao. Mizani imetuma ujumbe "lipa kilo 120", jibu halijarudi. Ukituma tena, huenda mkulima akalipwa mara mbili na hasara ikaangukia AMCOS. Usipotuma, huenda akarudi nyumbani mikono mitupu. Dawa ni kila stakabadhi kuwa na namba yake ya pekee. Huduma ya malipo ikiona namba iliyokwisha kulipwa, inarudisha jibu lile lile bila kulipa tena. Ujumbe nao ukae kwenye foleni mpaka upokelewe, upimaji uendelee.

Lakini tusigawe kwa kufuata mkumbo. Huduma nyingi zinadai seva na uangalizi zaidi. Ghala dogo linatoshwa na programu moja iliyopangika. Gawa pale wenye kazi wanapotofautiana: AMCOS, msafirishaji, benki.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika msimbo, chora nani anamiliki nini na wanaambiana nini. Ukimaliza, zima mtandao katikati ya malipo, kisha uwashe. Mkulima akipata haki yake, tena mara moja tu, hapo umefaulu.