Punda Safarini Wakati wa Kaskazi

Somo letu la mara hii ni punda, na jinsi ya kumsaidia asiumie na joto akiwa njiani. Tunajua wengine mtacheka. Punda jamani! Mnyama ambaye asili yake ni nchi kavu kabisa, leo afundishiwe jua? Hebu someni kwanza, kicheko baadaye.

Hapa kwetu, kuanzia Lunga Lunga kupanda Mwangulu na Mwereni, miezi ya kaskazi ndiyo miezi ya taabu. Kuanzia Desemba mpaka Machi malambo hupungua maji au hukauka, safari ya kuteka huwa ndefu, na punda ndiye anayebeba maji ya nyumba nzima. Siku anapoanguka yeye, mtungi unarudi kichwani kwa mama, na kwa msichana ambaye saa hiyo alitakiwa awe darasani.

Na kumpata mwingine si kazi rahisi. Machinjio ya punda yalipofunguliwa Kenya kuanzia 2016, ngozi zikipelekwa Uchina kutengenezewa dawa, punda walipungua na wizi ukazidi. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ilikuta karibu milioni 1.2 tu. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2021, kisha Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda bara zima. Hayo ni ya wakubwa. Sisi letu ni kumtunza huyu tuliye naye.

Joto linatokaje mwilini?

Kila mtu anajua kwamba mtungi wa udongo ukiwekwa penye upepo, maji ya ndani huwa baridi. Sababu yake ni kwamba maji kidogo hupenya hadi nje, upepo huyakausha, na yanapokauka huondoka na joto. Punda naye yuko vivyo hivyo. Hutoa jasho kama sisi, na jasho linapokauka mwili hupoa. Mbuzi si hivyo, yeye hutegemea zaidi kuhema.

Sasa angalieni nguo kwenye kamba siku ambayo hewa imejaa unyevu na hakuna upepo. Hazikauki hata kidogo. Siku hiyo na jasho la punda halikauki. Linamtiririka tu na joto linabaki ndani. Ndiyo sababu mnyama wa jangwani anaweza kushindwa huku pwani. Kule jangwani jua ni kali lakini hewa ni kavu. Kwetu jua lipo, unyevu upo, na juu yake tumembebesha mzigo.

Kwa hiyo usiangalie jua peke yake. Siku ya mawingu yenye unyevu na bila upepo inaweza kumchosha punda kuliko siku ya jua lenye upepo.

Punda halalamiki

Tuna msemo kwamba shukrani ya punda ni mateke. Sisi tunaona msemo huo unamwonea. Tatizo la punda ni kuvumilia kupita kiasi. Ng'ombe akiumwa utamjua. Punda husimama kimya, masikio yakilegea kidogo, na wengi husema "amekuwa mvivu" kisha wanatafuta fimbo. Huyo si mvivu, huyo anaomba msaada.

Basi tujifunze kumsoma. Punda aliyepumzika huvuta pumzi kama mara 20 kwa dakika. Tazama ubavu ukipanda na kushuka, huku mwenzako ameshika saa. Ukimweka kivulini robo saa na bado anahema kwa nguvu, pua zimepanuka, safari hiyo imekwisha kwake. Fungua mdomo uangalie ufizi: uwe na maji maji na rangi ya waridi. Ubonyeze kwa kidole, utakuwa mweupe, na rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Vuta ngozi ya shingo kisha uiachie. Ikikawia kulala, mwili umepungukiwa maji. Kikundi chenye kipimajoto kijue kwamba joto la kawaida la punda mzima ni karibu digrii 37. Likikaribia 40, hilo ni jambo la kufa na kupona.

Maji, na ule uongo wa zamani

Wazee wengi walifundishwa kwamba punda mwenye joto asipewe maji, eti yatamletea msokoto wa tumbo, na akimwagiwa maji ya baridi atakakamaa misuli. Hata Ulaya watu wa farasi waliamini hivyo kwa miaka mingi. Ilipokaribia Olimpiki ya Atlanta, Marekani, mwaka 1996, wataalamu waliogopa sana joto na unyevu wa huko, ambao haupishani sana na wetu, wakaanza kuchunguza. Walikuta farasi aliyemwagiwa maji ya baridi mwili mzima hapati madhara yale, bali anapoa haraka. Tangu hapo mashindano makubwa ya wakati wa joto huwa na vivuli, feni za kunyunyiza maji na ndoo za maji ya barafu. Barafu sisi hatuna, lakini maji ya mtungini yanatosha. Na punda na farasi ni wa ukoo mmoja.

Kwa hiyo mpe punda maji kabla ya kuondoka, mpe njiani, mpe akifika. Kwa siku huhitaji lita 15 hadi 25, na siku ya kazi na joto huzidi hapo. Sasa fikiria: punda huyu hubeba maji ya watu kutwa nzima, halafu jioni yeye hupewa yale yaliyooshewa vyombo! Tena ni mnyama mchaguzi, maji machafu huyakataa hata akiwa na kiu. Mtungi mmoja katika kila safari uhesabiwe kuwa wake. Chumvi ya mawe nayo iwe bandani alambe, kwa sababu jasho huondoka na chumvi.

Mzigo na saa ya kuondoka

Wengi hufunga mitungi minne ya lita 20 mgongoni. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi hiyo ni kilo 80, mitungi yenyewe haijahesabiwa. Punda wa kwetu ni mdogo, wengi wana kilo 150 hivi, na hafai kubeba zaidi ya theluthi ya uzito wake, yaani kilo 50. Mitungi miwili basi. Akivuta mkokoteni mzuri, wenye magurudumu yaliyojaa upepo, anaweza zaidi, kwa kuwa uzito unabebwa na magurudumu. Hapo ndipo tunaposhauri kikundi kichange: mkokoteni mmoja ni bora kuliko kununua punda wa pili wa kumuua kwa mzigo.

Chini ya mzigo usitandike gunia la nailoni. Halinyonyi jasho, linaunguza ngozi na kuleta vidonda. Tandika gunia la katani au blanketi kuukuu la pamba.

Ondokeni alfajiri ili saa nne iwakute mmerudi, au ngojeni hadi saa kumi jioni. Katikati hapo mwache chini ya mwembe au mkorosho, penye upepo. Banda la mabati lililo chini chini ni tanuri. La makuti ni zuri zaidi.

Jambo lingine ambalo wengi hawalihusishi na joto ni mbung'o. Upande wetu wapo, na ugonjwa wanaoleta hupunguza damu. Punda mwenye upungufu wa damu huchoka na kuhema mapema. Akikonda na hali anakula, mwite afisa wa mifugo kabla hujamlaumu.

Akisafirishwa kwa lori

Vikundi vingine hununua punda mbali, na punda huja kwa lori. Chukueni kibali cha mifugo mapema na msome saa zilizoandikwa humo. Sakafu iwe na mchanga au nyasi asiteleze, pande ziwe wazi hewa ipite, na asifungwe miguu akalazwa. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza mateso ya namna hiyo. Lori likitembea upepo upo. Hatari ni linaposimama, kama kwenye foleni ya feri ya Likoni saa saba mchana. Mwambieni dereva apange kuvuka asubuhi mapema. Mkinunua wawili waliozoeana, msiwatenganishe, maana punda mwenye hofu hukataa kula, na punda akikaa siku nzima bila kula anaweza kuugua vibaya.

Akianguka njiani

Shusha mzigo, mfungue kila kitu, mpeleke kivulini. Mmwagie maji mwili mzima bila kuacha, hata yale mliyotoka kuyateka. Msimfunike gunia lililolowa. Hilo huzuia joto. Mpepeeni. Akiweza kunywa mwenyewe mpeni kidogo kidogo, lakini msimnyweshe kwa chupa kwa nguvu, yataingia mapafuni. Mmoja akimbie kumwita afisa wa mifugo.

Ya kuzungumza kikundini

Punda wetu hubeba kilo ngapi kwa safari moja? Pimeni, msikisie.

Nani kati yetu anampa punda maji njiani, na katika chombo gani?

Sheria ya Musa ilimpa punda siku ya kupumzika (someni Kutoka 23:12), na wenzetu Waislamu wana mafundisho yao juu ya thawabu ya kumnywesha mnyama mwenye kiu. Punda wa kikundi chetu hupumzika siku gani?