Elimu ya Afya: Walinzi wa Mwili na Kuenea kwa Saratani ya Ovari

Ovari ni viungo viwili vidogo vinavyotunza mayai ya mwanamke, kimoja kila upande wa mji wa mimba. Mara nyingi saratani yake hugunduliwa ikiwa tayari imeenea tumboni. Je, huenea vipi?

Saratani nyingi husafiri kwa damu. Hii hupitia zaidi njia nyingine: seli zake hubanduka na kuelea katika majimaji ya tumboni, kisha hujishikiza hasa kwenye utando wa mafuta unaofunika matumbo. Majimaji hayo yakizidi, tumbo hufura.

Mwili una walinzi wake, nao ni seli za kinga. Tutazame aina mbili.

Seli T huwinda na kuua seli za saratani. Mwaka 2003, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuchunguza sampuli 186 za uvimbe wa saratani ya ovari iliyoendelea. Kati ya wagonjwa ambao seli T zilikuwa zimeingia ndani ya uvimbe, asilimia 38 walikuwa hai baada ya miaka 5. Kwa wale ambao hazikuingia, ni asilimia 4.5 pekee.

Makrofaji kazi yake ni kumeza vijidudu na uchafu. Lakini saratani hutoa kemikali zinazozigeuza. Badala ya kupigana, husaidia seli za saratani kushikamana na kuelea kama vibonge, huchochea mishipa mipya ya damu kwenye uvimbe, na huzidhoofisha seli T. Ni sawa na bawabu anayemfungulia mwizi lango. Ndiyo maana watafiti wanatafuta dawa za kuzirudisha makrofaji kazini. Kwa sasa, tiba kuu ni upasuaji pamoja na dawa za kemotherapi.

Wewe ufanye nini? Nenda kituo cha afya ikiwa dalili hizi ni mpya kwako na zinajirudia kwa wiki kadhaa:

• Tumbo kujaa au kufura
• Kushiba upesi
• Maumivu ya tumbo la chini
• Kwenda haja ndogo mara kwa mara

Usiendelee kununua dawa za gesi au vidonda vya tumbo bila kupimwa. Kumbuka pia kwamba kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi hakichunguzi ovari. Ikiwa mama au dada yako aliugua saratani ya ovari au ya matiti, mwambie daktari.