Kitafunio ni Chakula: Tuwaandalie Watoto Wetu Nyumbani

Mtoto akilia njaa kabla ya chakula cha mchana, wengi wetu humpa shilingi akanunue pipi au barafu. Hunyamaza, lakini mwili wake haujapata kitu cha kuujenga. Mwezi huu tujifunze kuandaa vitafunio kwa vyakula tulivyo navyo jikoni.

Kwa nini mtoto anahitaji kitafunio?

Tumbo la mtoto ni dogo. Mtoto wa kilo 8 hubeba chakula cha mililita 240 hivi kwa mara moja, yaani kikombe kimoja tu. Hawezi kushiba kwa siku nzima kwa milo miwili ya wakubwa. Kwa hiyo wataalamu wa lishe hushauri mtoto wa miezi 9 hadi 23 apate milo 3 au 4 kwa siku, na vitafunio mara 1 au 2, huku akiendelea kunyonya. Kitafunio basi ni mlo mdogo.

Pipi na soda hushibisha kwa muda, huharibu meno na kuondoa hamu ya chakula. Soda nyingi za mililita 300 zina sukari ya vijiko vya chai 7 au 8. Chai nayo, ikinywewa pamoja na chakula, huzuia mwili kupata madini ya chuma yanayojenga damu. Ni afadhali apewe maji safi ya kunywa.

Vitafunio vitatu rahisi

1. Viazi vitamu na karanga. Chemsha viazi 2, hasa vya rangi ya chungwa, kwa kuwa vina vitamini A nyingi ya kulinda macho. Menya, ponda, kisha changanya na vijiko 2 vya chakula vya karanga zilizokaangwa na kusagwa laini. Finyanga madonge madogo.

2. Chapati za maji. Changanya vikombe 2 vya unga wa ngano usiokobolewa, yai 1, karoti 1 iliyokwaruzwa, chumvi kidogo na maji vikombe 2 hivi, mpaka upate uji mwepesi. Kaanga kwa mafuta kidogo, ukigeuza upande wa pili.

3. Ndizi na mtindi. Ponda ndizi mbivu 1, changanya na nusu kikombe cha mtindi wa maziwa yaliyochemshwa. Usiongeze sukari, ndizi inatosha.

Tuwe waangalifu

Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima wala bisi. Zinaweza kumpalia na kuziba njia ya hewa, akafa kwa dakika chache. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali.

Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye ladha chungu zitupwe. Huweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupika wala kukaanga. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tukausheni mazao yetu vizuri juu ya turubai, tuyahifadhi pasipo unyevu, na tuchambue kabla ya kusaga.

Tunawe mikono kwa sabuni, mpishi na mtoto pia. Kitafunio kitolewe katikati ya milo, kwa mfano saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, ili mtoto asikose hamu ya chakula.

Tujadiliane nyumbani

1. Wiki hii tumetumia shilingi ngapi kwa pipi na soda? Fedha hiyo ingenunua mayai au ndizi ngapi?
2. Bibi na dada wanaobaki na watoto wanajua hatari ya karanga nzima?
3. Karanga zetu zimehifadhiwa wapi, na ni nani anayezichambua?