Mas-ala ya Kugutuka Usingizini

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia usingizi kuwa raha ya miili yetu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Katika mas-ala yaulizwayo mara kwa mara darasani ni hili la mtu ambaye, akisha kujinyosha kitandani na lepe la usingizi likaanza kumchukua, hugutuka ghafula: mguu ukaruka, mkono ukapiga, moyo ukamwenda mbio, na pengine akajiona kama aangukaye shimoni au aliyekosa kidato cha ngazi. Akiwaeleza watu wake, jawabu huwa tayari: amekanyaga pabaya, au amepagawa, au hasidi amemfanyia kitu. Kisha huitwa mganga, ubani ukafukizwa, hirizi ikafungwa, na fedha zikatoka.

Sisi twasema: na tulijue kwanza jambo lenyewe, ndipo tulitolee hukumu.

Madaktari wametueleza kuwa mtu haingii usingizini kwa mara moja kama taa izimwavyo. Ubongo huacha kukesha kidogo kidogo, na misuli hulegea. Katika mpito huo huenda amri ya ghafula ikashuka kutoka ubongoni hata kwenye misuli, nayo ikajikaza mara moja kisha ikaachia. Huko ndiko kugutuka. Watu wengi hupatwa nako wakati mmoja au mwingine, Waislamu na wasio Waislamu, wakubwa kwa wadogo, wala si ugonjwa. Lakini huzidi kwa mtu aliyechoka mno, au aliyekosa usingizi siku nyingi, au mwenye wasiwasi, au anayetumia vichangamsho kama kahawa na tumbaku nyakati za usiku.

Hapa penye vichangamsho ndipo tunapotaka msomaji asimame nasi. Kila siku magari huteremka kutoka milima ya Nyambene, katika nchi ya Meru, yamebeba miraa iliyofungwa kwa majani ya mgomba; na kutoka Mbeere, katika Embu, huja muguka, majani yake machanga yaliyo rahisi kwa bei kuliko miraa. Magari hayo huenda mbio kwa sababu inayojulikana: ndani ya jani bichi mna kitu kiitwacho kathinoni, ambacho ndicho kimchangamshacho mtu, nacho hupungua nguvu zake baada ya siku mbili hivi tangu kuchumwa. Basi kijana wetu hukaa barazani tangu alasiri, shavu limejaa, chai ya sukari nyingi pembeni, na sigara baada ya sigara. Saa nane ya usiku hujilaza, mwili umechoka na ubongo ungali macho. Je, ni ajabu kwamba agutuke? Na ikiwa atagutuka, kuna haja gani ya kumtafuta jini wa kumsingizia?

Mtu huyu ametoa fedha mara mbili: mara ya kwanza kununua kilichomfukuzia usingizi, na mara ya pili kumlipa mganga amrudishie. Tena amepoteza kilicho kikubwa kuliko fedha, maana adhana ya alfajiri humkuta ndiyo kwanza amelala.

Huenda mtu akatuambia: mbona miraa ina khitilafu ya wanavyuoni? Ni kweli. Ibn Hajar al-Haytami, imamu mkubwa wa madhehebu yetu ya Kishafii, aliyefariki Makka mwaka 974 Hijria (1567), alitunga risala makhsusi juu ya jani hili. Hakukata hukumu ya uharamu juu yake, lakini aliwahadharisha watu nalo, kwa kuwa ni katika mambo yenye shubuha. Ajabu ni kuwa wengi wetu wamelishika neno la kwanza wakaliacha la pili.

Wala hatuwatukani watu wa Meru na Embu. Wamo ndugu zetu Waislamu miongoni mwao, na shamba la mtu ndilo riziki ya watoto wake. Wazee wa Kimeru walikuwa na miraa katika mila zao za posa na mapatano tangu zamani. Mwezi wa Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, na Kilifi ikafuata; Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha marufuku hiyo. Mashauri hayo yana wenyewe. Sisi twasema kuwa hakuna gari lililomtia mtu jani kinywani, wala hapahitajiwi amri ya serikali ili mtu auchunge usingizi wake.

Basi nasaha yetu ni hii:

Kwanza, mwenye kugutuka aache miraa, muguka, kahawa na tumbaku, khasa tangu alasiri, na alale mapema baada ya sala ya Isha, kama ilivyokuwa ada ya Mtume s.a.w.

Pili, ashike adabu za kulala tulizofunzwa: atawadhe, alalie ubavu wa kuume, asome Ayatul Kursiyyu na sura za kujikinga. Sisi hatukanushi kuwako kwa majini, kwani Qur'ani imewataja. Twakanusha kuwatwika kila jambo la mwili.

Tatu, avue hirizi. Mtume s.a.w. amekataza kuzitundika, naye amekwisha kutupa kinga iliyo bora isiyo na malipo.

Nne, na hili ni zito: ikiwa mtu hutetemeka kwa muda, akapotewa na fahamu, akajiuma ulimi au akajikojolea, hiyo si mas-ala yetu hii. Yumkini ni kifafa, nacho kina dawa. Apelekwe hospitali upesi, asicheleweshwe kwa ngoma ya pepo.

Mtume s.a.w. ametufunza kuwa mwili una haki juu ya mwenyewe. Usingizi ni katika haki hizo, nasi tutaulizwa.

Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na vijana wetu. Amin. Wallahu a'lam.