Unakua Kiroho? Unapimaje?

Ukikaa chuoni hata muhula mmoja tu, lazima utakutana na mtu atakayekuuliza: "Vipi, unaendeleaje kiroho?" Wengi wetu tunajibu "namshukuru Mungu", na mazungumzo yanaishia hapo. Lakini ndugu msomaji, ukibanwa kidogo ungejibu nini? Unajuaje kwamba mwaka huu umekua kuliko mwaka jana? Kimwili ni rahisi, suruali ya fomu siksi haikutoshi tena. Kimasomo kuna GPA, hata kama hatupendi kuitaja. Kiroho je?

Kabla ya kuandika makala hii nilipita vyumbani kuwauliza wenzangu: Wakristo, Waislamu, na wale wanaosema wao hawako kokote. Mmoja alinipa hesabu. Mwaka wa kwanza alikuwa anaomba dakika kumi, sasa anaomba saa nzima, na kufunga anafunga. Mwingine alisema kwake ni hali ya ndani, kwamba zamani akisali hasikii kitu, siku hizi anasikia amani. Dada mmoja wa Kiislamu wa mwaka wa tatu alisema kukua ni kuacha, na akataja alichoacha: umbea. Yule asiye na dini alisema ni kujijua, yaani kujua kwa nini umekasirika kabla hujamtukana mtu. Na jamaa mmoja akajibu, "Mimi bumu likiingia, nikamkumbuka mama lishe kabla hajanikumbusha deni, hapo nimekua." Tulicheka sana. Ila jibu hilo ndilo niliondoka nalo.

Tuanze na lugha yenyewe, maana Kiswahili kina jambo la kutufundisha hapa. Neno roho tumelipata kutoka Kiarabu, sawa na nafsi. Moyo ni letu la Kibantu. Roho ni uhai: mtu akifa tunasema amekata roho. Lakini sikiliza tunavyolitumia neno hilo kila siku. Yule ana roho nzuri. Huyu ana roho mbaya. Fulani ana roho ya korosho, hakupi hata chumvi. Roho inaniuma. Katika misemo hii hakuna anayeuliza mtu kafunga siku ngapi au anahudhuria wapi. Mtaani roho ya mtu inaonekana pale anapokutana na mtu mwingine. Cha ajabu, ukiongeza silabi moja tu ikawa "kiroho", maana inahama: tunaanza kuongelea vipindi, mikesha, semina na darsa. Mtu anaweza kuwa "wa kiroho sana" huku chumba kizima kinajua ana roho ya korosho. Hayo mawili yalitenganaje?

Si kwamba dini ndizo zilizoyatenganisha. Katika Uislamu elimu ya kuitakasa nafsi, tazkiya, huongelea nafsi inayoamrisha maovu, nafsi inayojilaumu, na nafsi iliyotulia. Hiyo ya katikati ndiyo wengi tunayoishi nayo, na kujilaumu kwenyewe kunahesabiwa kuwa dalili ya uhai. Kwa Wakristo, Paulo aliwaandikia Wagalatia kuhusu tunda la Roho akitaja mambo tisa, kama upendo, uvumilivu, upole na kiasi. Pitia orodha hiyo yote uone ni mangapi unayoweza kuyaonyesha ukiwa peke yako chumbani umefunga mlango. Upole kwa nani? Uvumilivu dhidi ya nini, kama si yule anayepiga muziki saa tisa usiku?

Wasomi nao wamejaribu kupima. Anayetajwa zaidi ni James Fowler, Mmarekani, ambaye mwaka 1981 alichapa kitabu kuhusu hatua za imani baada ya yeye na wenzake kuhoji mamia ya watu. Alitaja hatua sita. Sitazipitia zote, kwa sababu mbili ndizo zinazotuhusu sisi wa umri huu. Katika hatua ya tatu mtu anaamini kwa sababu watu wake wanaamini: nyumbani, kanisani au msikitini, marafiki. Imani ni ya kweli, ila ni kama nguo ya kuazima, hajawahi kuikagua mishono. Katika hatua ya nne anaanza kuikagua. Anauliza maswali, anapima, anaamua mwenyewe abaki na nini. Safari hiyo inaweza kuwa na maumivu, na mara nyingi huanza mtu anapoondoka nyumbani.

Sasa angalia tunavyomshughulikia mwenzetu aliyefika hapo. Tunasema "amepoa". Tunasema "amerudi nyuma", tunamtumia meseji za kumwombea. Kwa kipimo cha Fowler, huyo anayeuliza maswali magumu mwaka wa pili pengine ndiye anayekua, na sisi tunaomwombea ndio tumeketi palepale. Wapo wanaompinga Fowler, wanasema hatua zake zinamfaa zaidi mtu wa Magharibi anayeamua mambo peke yake, na mimi naona wana hoja. Kwetu imani haikuwahi kuwa mali ya mtu mmoja. Lakini katika hilo la maswali, alituona.

Hata hivyo, hatua hizo zinapima namna mtu anavyoamini. Hazituambii atafanya nini akikutana na mwenzake aliyeanguka. Bwenini kwetu muhula uliopita kijana wa mwaka wa kwanza aliacha kwenda darasani karibu wiki tatu. Mchana analala, usiku taa inawaka, kula hali. Mlango wa pili wanakaa viongozi wawili wa maombi, watu wazuri kabisa, wanaopita pale mara nyingi kwa siku na Biblia mkononi wakiwahi kipindi. Aliyegonga ule mlango ni jamaa anayefua nguo za watu kwa hela ya sabuni na nauli, ambaye haonekani kikundi chochote. Aliona tu nguo za yule kijana hazijaletwa wiki mbili. Kumbe baba mtu alikuwa amefariki, ada haijalipwa, na kijana hakumwambia yeyote. Jamaa alimkalisha, akamnunulia chipsi, kesho yake akamsindikiza kwa mshauri wa wanafunzi.

Ni rahisi kusema wale viongozi ni wanafiki. Mimi siamini hivyo. Walikuwa wanawahi.

Na hapa kuna utafiti ambao kila kikundi cha dini chuoni kingefaa kuusoma. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili, John Darley na Daniel Batson, walichapa matokeo ya jaribio walilofanya kwa wanafunzi 40 wa theolojia huko Princeton, Marekani. Kila mmoja aliambiwa aende jengo jingine akatoe hotuba fupi. Nusu yao hotuba ilihusu ule mfano wa Msamaria mwema. Wengine waliambiwa wana muda, wengine wawahi kiasi, wengine kwamba wamechelewa tayari. Njiani watafiti walimweka mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kuguna. Miongoni mwa wenye muda, asilimia 63 walisaidia. Wa katikati, asilimia 45. Waliochelewa, asilimia 10 tu. Kwenda kuhubiri habari za Msamaria hakukuleta tofauti ya maana. Na majibu yao ya dodoso kuhusu aina ya udini wao hayakuweza kutabiri nani atasimama na nani atapita.

Watu 40 ni wachache, wenye kozi ya takwimu watanikumbusha. Lakini kuna jambo jingine watafiti walilolitaja: baadhi ya waliopita bila kusimama walifika kwenye jengo la pili wakiwa na wasiwasi. Kwa Kiswahili chetu, roho ziliwauma. Hawakukosa moyo, walikosa nafasi. Kwa hiyo mtu anaweza kuongeza ibada kwa nia safi kabisa, akajaza wiki nzima, na ratiba hiyohiyo ikamtoa kwenye jambo ambalo ibada ilikuwa inamwandalia.

Najua swali linalofuata, maana yule rafiki asiye na dini alishaniuliza: "Basi si muache ibada mfanye wema tu?" Hapana, na sababu ipo kwenye mabasi yetu ya kila mwaka kwenda vituo vya watoto yatima. Tunavaa fulana za kikundi, tunapiga picha na watoto, picha zinafika kwenye magrupu kabla hata unga haujashushwa. Huo nao ni wema. Lakini wema pia unaweza kujaa ubinafsi, na kelele za wema hazikuonyeshi ubinafsi wako. Kinachokuonyesha ni ukimya.

Mfano mkubwa ninaoujua ni wa Abu Hamid al-Ghazali. Mwaka 1091 aliteuliwa kufundisha Nizamiyya ya Baghdad, chuo kilichokuwa na sifa kuliko vingine vya wakati wake. Alikuwa na wanafunzi wengi, jina, na masikio ya watawala. Mwaka 1095 akaacha kila kitu. Ameeleza mwenyewe kwamba alipoichunguza nia yake ya kufundisha alikuta haikuwa kwa ajili ya Mungu, alikuwa anatafuta sifa. Mgogoro ulimwingia hadi ulimi ukakataa kutamka darasani na chakula kikawa hakisagiki. Kufundisha dini ni wema, tena mkubwa. Bila kukaa na nafsi yake asingejua kilichojificha ndani ya wema huo. Akaenda Damascus, Jerusalem na Makka, akaishi miaka mingi katika ibada na upweke.

Lakini hakubakia huko. Mwaka 1106 alirudi kufundisha, safari hii Nishapur, miaka michache kabla ya kufariki 1111. Ukiitazama ratiba yake tu, ungesema kazi ni ileile.

Zoezi la wiki hii. Chukua ratiba yako halisi, siyo ile uliyobandika ukutani. Kila penye kwaya, darsa, kikao au maombi, andika kando zimebaki dakika ngapi kabla ya kipindi kinachofuata, na unapita kwenye milango ya nani kufika huko. Wale viongozi wawili wa bwenini kwetu wameshalifanya. Maombi yao ya saa kumi na mbili jioni sasa yanaanza saa moja kasoro robo, na hiyo robo tatu ya saa wanapita korido wanagonga, wanasalimia. Wiki ya kwanza watu hawakufungua, walidhani ni mchango.