Mboni Nyeupe: Saratani ya Jicho la Mtoto, Urithi na Upimaji wa Vinasaba

Saratani ya jicho la mtoto, ambayo wataalamu huiita retinoblastoma, ni ugonjwa adimu. Humpata takriban mtoto 1 kati ya watoto 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa hai. Huanzia katika retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na wengi wa wagonjwa hugunduliwa kabla ya kutimiza miaka 5. Dalili yake kuu haihitaji chombo chochote ili ionekane: mboni ambayo inapaswa kuwa nyeusi huwa na weupe unaong'aa kama jicho la paka gizani. Mara nyingi weupe huo huonekana jioni penye mwanga hafifu, au katika picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa kamera, ambapo jicho moja hutoka jekundu na la pili jeupe. Makengeza yanayoanza ghafla ni dalili nyingine isiyopaswa kupuuzwa.

Tatizo ni kwamba mwanzoni jicho haliumi. Mtoto hula, hucheza na kukua, na mzazi huona hakuna haraka. Wapo wanaoambiwa na majirani kuwa huo ni mtoto wa jicho na utaondoka wenyewe, ingawa hata mtoto wa jicho kwa mtoto mchanga huhitaji matibabu ya mapema na hauondoki wenyewe. Utafiti uliokusanya taarifa za wagonjwa wa mwaka 2017 kutoka nchi zaidi ya 150 ulionyesha kuwa katika nchi zenye kipato kikubwa nusu ya watoto huwa wamekwisha kugunduliwa wafikapo umri wa mwaka 1 na miezi 2 hivi. Katika nchi zenye kipato kidogo umri huo ni miaka 2 na nusu, na takriban nusu ya watoto hao hufika hospitalini saratani ikiwa imekwisha kutoka nje ya jicho. Ugonjwa ni ule ule, wala saratani ya nchi maskini haina ukali wa pekee. Kinachotofautiana ni miezi iliyopotea.

Suala la urithi ndilo linalozua maneno mengi katika familia, na linastahili kuelezwa kwa utulivu. Kila seli ya mwili ina nakala mbili za jeni iitwayo RB1, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Kazi ya jeni hiyo ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Nakala hizo zaweza kufananishwa na breki mbili za baiskeli: ikikatika moja, nyingine bado husimamisha, zikikatika zote, hakuna kinachozuia mteremko. Mwaka 1971 daktari Alfred Knudson wa Marekani alichunguza kumbukumbu za wagonjwa 48 wa saratani hii, akapendekeza kwamba mtoto mwenye aina ya kurithika huzaliwa breki moja ikiwa imekwisha kukatika katika seli zote za mwili. Hubaki tukio moja tu ndani ya retina ili uvimbe uanze. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1986, na maelezo yake yakathibitika.

Takriban asilimia 40 ya wagonjwa wana aina hiyo ya kurithika. Mtoto aliyeugua macho yote mawili huhesabiwa kuwa miongoni mwao. Aliyeugua jicho moja kwa kawaida hayumo, ingawa wachache wamo. Mzazi mwenye hitilafu hiyo, awe baba au mama, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumpitishia kila mtoto anayemzaa. Hata hivyo, kwa wagonjwa walio wengi hitilafu haikutoka kwa mzazi yeyote bali ilijitokeza upya. Kwa hiyo desturi ya kumnyooshea mama kidole, au kutafuta mchawi katika ukoo, haina msingi wowote na huchelewesha safari ya hospitali.

Upimaji wa vinasaba huanza na damu ya mtoto anayeugua, si ya ndugu zake. Maabara hutafuta hitilafu katika jeni ya RB1. Ikipatikana, ndugu na wazazi hupimwa kuangalia kama wanayo hiyo hiyo. Manufaa yake makubwa huonekana kwa asiyekuwa nayo, kwani huepushwa na uchunguzi wa macho wa mara kwa mara, ambao kwa watoto wadogo mara nyingi hufanyika chini ya dawa ya usingizi. Aliye nayo huendelea kuchunguzwa, kwa ukaribu zaidi katika miezi ya mwanzo, hadi afikishe miaka 7 hivi. Baadaye maishani huwa na hatari iliyoongezeka ya saratani nyingine, hasa ya mifupa, hivyo uvimbe au maumivu yasiyoisha yasichukuliwe kuwa uchovu wa kawaida.

Kipimo hicho ni kazi ya maabara maalumu. Hakifanyiki katika zahanati. Lakini kukosekana kwake hakuzuii kinga. Ndugu wadogo wa mgonjwa wachunguzwe macho na daktari bingwa bila kungoja majibu ya damu. Njia ni ile ya kawaida ya rufaa: kuanzia zahanati au kituo cha afya hadi hospitali yenye mabingwa wa macho na saratani za watoto, kama vile Muhimbili jijini Dar es Salaam na KCMC mjini Moshi.

Uvimbe mdogo hutibiwa kwa mionzi ya leza, kwa kugandishwa au kwa dawa, na jicho likabaki. Uliokua sana hulazimu jicho kuondolewa, na hapo ndipo baadhi ya wazazi huondoka na mtoto usiku. Kuondoa jicho mapema, saratani ikiwa bado imo ndani, huokoa maisha, na jicho la bandia huwekwa baadaye. Mtu mzima aliyewahi kutibiwa ugonjwa huu utotoni, akitarajia mtoto, amjulishe mkunga tangu hudhurio la kwanza la kliniki, ili macho ya mtoto yachunguzwe mara tu baada ya kuzaliwa.