Giaboksi ya otomatiki: pima kabla ya kununua nyingine

Hiace ya jumuiya yetu ilipoanza kushindwa na mlima wa Makerere, injini ikinguruma na gari halisogei, shauri lilikuwa tumalize michango yote Kisekka kwa giaboksi iliyotumika. Niliomba tupime kwanza.

Otomatiki husukumwa na oili; ikipungua, presha hushuka na klachi za ndani huteleza. Basi endesha mpaka gari lipate moto, simama pa tambarare, usizime injini. Mguu ukiwa kwenye breki, pitisha gia zote, rudi P, kisha chomoa kijiti usome alama ya HOT. Wengi hupima injini ikiwa imezimwa, kama oili ya injini. Kipimo hicho hudanganya. Nusa pia. Oili nyekundu ni nzima. Nyeusi inayonuka kuungua maana yake klachi zinakwisha, na oili mpya haitazifufua.

Yetu ilikuwa nyekundu lakini pungufu: sili ya shafti ilivuja. Tulibadilisha sili, chujio na oili, ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Kwenye sumaku za karai la chini tulikuta vumbi laini tu; vipande vya chuma vingetupeleka Kisekka.

Taa ya O/D OFF ikipepesa yenyewe, anza kwa fundi umeme.